Pacha wa Mlango wa Jikoni

Hakuna duka Nairobi linalouza mlango wa kabati lililofungwa jikoni Donholm mwaka 2009. Kuna maduka ya bodi, ya bawaba, ya vishikio, ya rangi na ya gundi. Kuna maseremala karibu kila kona ya barabara. Ila mlango wenyewe, wa rangi ile ile na mchongo ule ule, haupo kwenye rafu ya mtu yeyote. Mwenye nyumba huligundua hilo siku mlango wa chini ya sinki unapomkatikia mkononi. Huuweka kwapani akazunguka nao kutoka Jogoo Road hadi Gikomba, kutoka Gikomba hadi Enterprise Road, na kila anapofika mazungumzo ni yale yale:

“Fundi, hii rangi iko?”

“Iko, mama, lakini si hii hii. Itakaribia.”

Kukaribia huko ndiko kunakowasumbua watu. Vipimo vinapatikana barabara, bawaba zinapatikana, hata mchongo unaweza kuigwa. Kinachobaki ni tofauti ya sura, mara nyingine ndogo sana, lakini jicho likishaiona halitulii. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo haifutiki. Mwenye jiko hana budi kuichagulia mahali pa kukaa, na pesa nyingi zinazopotea Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, kwenye kazi hii hupotea kwa sababu watu wanajaribu kuifuta.

Eastlands si mtaa mmoja, na majiko yake hayakuzaliwa siku moja. Kaloleni, Ziwani, Maringo na Ofafa ni mitaa ya halmashauri ya jiji, iliyojengewa wapangaji enzi za ukoloni, na huko kabati la kufungwa ukutani halikuwa kwenye hesabu ya mtu. Mambo yaligeuka miaka ya 1970, zilipoanza kujengwa nyumba za kuuziwa watu wa mshahara. Buruburu ilipanda kwa awamu kuanzia mwaka 1973, kwa fedha za shirika la Uingereza la Commonwealth Development Corporation, na mikopo ya kununulia ikatoka Housing Finance, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1965. Umoja ilijengwa muongo huo huo kwa msaada wa Marekani. Komarock ikaja baadaye, kisha Nyayo Estate ya Embakasi, mradi wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF.

Jiko la nyumba nyingi za zamani ni kazi ya mwashi kwanza, seremala baadaye. Kaunta ni slebu ya zege iliyopakwa terazo au kubandikwa vigae, nayo imekalia kuta fupi za mawe. Chini yake seremala alipigilia fremu ya mbao, akafunga milango kwa bawaba za kawaida za chuma. Hakuna kasha la kabati hapo, ukuta ndio kasha. Kwa hiyo hakuna kipimo cha kiwandani kinachohusika. Tundu la kushoto waweza kulikuta na milimita 412, jirani yake 405, na lile la pembeni likawa pana juu kuliko chini kwa sababu mwashi alimaliza kazi jioni. Mlango wa jiko la namna hii haujawahi kuwa na pacha, hata siku ulipofungwa.

Mwenye jiko hilo huhangaika bure akitafuta mlango uliokwisha tengenezwa. Anachohitaji ni seremala anayejua kupima tundu sehemu tatu, juu, katikati na chini, akaondoa nafasi ya kupumulia, kisha akaranda mlango papo hapo mpaka ukae. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na mafundi wa kuifanya hawajapungua. Kilichopungua ni mbao za aina ile. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018 kwa siku 90, siku hizo zikaongezwa tena na tena mpaka Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa, na mvutano ukafika mahakamani. Katika miaka hiyo masoko ya mbao yalizidi kutegemea paini ya Tanzania na mahogani ya Kongo, ambayo bei yake humfanya mtu ajiulize mara mbili kama mlango wa kuficha sufuria unastahili.

Kizazi cha pili cha majiko ni tofauti kabisa. Kuanzia miaka ya 2000, maghorofa yalipoota Umoja, Fedha, Tassia na Donholm, na nyumba za uzio mmoja zikaongezeka, wajenzi waliacha zege wakakimbilia kabati za bodi. Makasha ya chipbodi iliyofunikwa melamini, milango ya chipbodi hiyo hiyo au ya MDF iliyovikwa vinili, bawaba za kikombe zisizoonekana mlango ukifungwa. Nyingine zilikatwa hapa hapa Industrial Area. Nyingine zilishuka bandari ya Mombasa ndani ya kontena zikiwa vipande vipande kwenye maboksi, zikaunganishwa na vijana wa saiti kwa bisibisi. Pipeline, kwenye vyumba vya kubanana, mpangaji bado ana kaunta na rafu tu, na shida hii haimhusu. Lakini mwenye vyumba viwili Fedha inamhusu sana.

Huyu ndiye anayeweza kusema kweli kwamba jiko lake limeacha kutengenezwa. Hata hivyo inafaa kuuliza ni nini hasa kilichoacha kutengenezwa. Si ukubwa wa mlango, wala si bawaba. Kilichotoweka ni uso wa bodi, ile rangi au ule mchoro wa mti uliochapishwa juu yake. Mwenye maghorofa aliagiza bodi za kutosha nyumba zake 40, kontena likaisha, na kontena lililofuata likaja na rangi nyingine kwa sababu kiwanda kule kilikuwa kimebadilisha orodha yake. Muuza bodi wa Lunga Lunga Road naye huagiza kinachotoka haraka. Shilingi ilipoteleza mpaka karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, waagizaji walikuwa na kila sababu ya kubaki na rangi chache zisizolala ghalani. Nyeupe, kijivu na mchoro wa mti mweusi havikosi. Ile rangi ya mcheri iliyopendwa miaka 15 iliyopita, tafuta mpaka viatu viishe.

Ulaya nako mambo haya yapo, na inafaa kuyatazama kidogo ili tujue tunachokosa. Uingereza, kampuni kubwa ya samani ya MFI ilianguka mwishoni mwa mwaka 2008 na kuacha idadi kubwa ya majiko bila wa kuyauzia milango. IKEA nayo iliiacha familia yake ya kabati za Faktum ilipoleta Metod kati ya mwaka 2013 na 2014. Upana mwingi ulibaki ule ule, ila urefu wa kabati la chini ukatoka sentimita 70 ukawa 80, na milango mipya ikawa haiingii kwenye makasha ya zamani. Lakini kule jiko moja limo ndani ya nyumba chungu nzima, kwa hiyo kuna faida kwa kampuni ya pembeni kujitokeza kutengeneza milango ya Faktum peke yake. Eastlands, jiko la aina moja limo ndani ya ploti moja. Hakuna mfanyabiashara atakayefungua karakana kwa ajili ya nyumba 40 za Tassia.

Tulichorithi kutoka Ulaya bila kujua ni vipimo. Nchini Ujerumani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watengenezaji wa samani walikubaliana kutoboa matundu ya kabati kwa mwachano wa milimita 32, na mashine zilizouzwa dunia nzima, pamoja na zile za China, zikafuata. Ndiyo sababu kishikio cha kisasa kina mwachano wa milimita 96, 128 au 160 kutoka skrubu hadi skrubu, yote yakiwa mafungu ya 32. Vivyo hivyo, tundu la bawaba ya kikombe kwa kawaida lina upana wa milimita 35, iwe bawaba imetoka Blum ya Austria, Hettich ya Ujerumani au kiwanda kisicho na jina. Mlango wa kabati la sentimita 40 huwa karibu milimita 397, wa sentimita 60 karibu 597, ili ubakie mwanya mdogo kati ya jirani na jirani.

Bawaba hudanganya kwenye mambo mawili tu. La kwanza ni skrubu zake ndogo za pembeni. Mwachano wake unaweza kuwa milimita 45, 48 au 52 kutegemea mtengenezaji, na anayenunua bawaba bila kubeba ya zamani hujikuta akitoboa upya kwenye bodi iliyokwisha chakaa. La pili ni mkunjo wa shingo. Kuna bawaba ya mlango unaofunika ubavu wote wa kabati, ya mlango unaofunika nusu kwa sababu ubavu huo una milango miwili, na ya mlango unaozama ndani ya kasha. Mafundi huziita full, half na inset, na ukikosea hapo mlango utagonga jirani yake au utaacha pengo la kidole. Zaidi ya hayo hakuna siri. Fundi anayekuambia jiko lako ni la kigeni na vipimo vyake havipatikani, huyo anataka kukuuzia jiko zima.

Mlango unaokufa kwanza, karibu kila mara, ni ule wa chini ya sinki, na ukiuangalia kwa karibu utajua kwa nini. Ukingo wa chini, ambao hakuna anayeuona, mara nyingi haukupigwa ejingi, ule utepe wa kufunika ukingo wa bodi. Fundi aliokoa utepe kwa sababu mteja hainami. Maji ya sinki yanateremka uso wa mlango, yanakusanyika kwenye ukingo ule, na chipbodi, ambayo kimsingi ni vumbi na vipande vya mti vilivyoshikwa kwa gundi isiyopenda maji, inavimba kama mandazi. Melamini ya juu haivimbi, kwa hiyo inapasuka. Maji yanapata njia pana zaidi. Kwa sababu maji yetu ya mfereji ni ya mgao, pale chini au pembeni mwa sinki pana mitungi na ndoo zilizojazwa tangu Jumanne, zinazotoa jasho na kumwagika kila mtu anapochota. Upande wa pili kuna mtungi wa gesi wa kilo 13 ambao kabati halikupimwa kwa ajili yake, na mlango haufungiki vizuri mpaka ugongwe goti.

Juu, kwenye bawaba, kifo ni cha namna nyingine. Skrubu inang'oka na kubeba pamoja nayo kipande cha chipbodi kama jino lenye mzizi. Dawa ya mtaani ni njiti za kiberiti na gundi nyeupe, na kwenye mbao halisi inashika kweli. Kwenye chipbodi inashika mpaka wageni waondoke. Afadhali kujaza tundu kwa gundi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa, ukaacha likauke usiku kucha, kisha kutoboa upya. Au kuhamisha bawaba sentimita chache juu, penye bodi nzima. Nasema haya kwa sababu milango mingi inayopelekwa Gikomba kutafutiwa pacha haikuwa imekufa. Uso wake bado ni mzima, ni bawaba tu iliyong'oka, na kuitupa ni kutupa kipande cha rangi ambayo hutaipata tena.

Kuhusu bodi yenyewe, mlango mpya wa chini ya sinki usiwe chipbodi hata kama yote mengine ni chipbodi. MDF inayostahimili unyevu ina kiini cha kijani, na unaweza kukiona dukani kabla haijafunikwa. Si kwamba haivimbi kabisa, ila inakupa muda. Kuna pia bodi za plastiki ambazo maji hayazifanyi chochote, ingawa skrubu hushika kwa shida na uso wake una mng'ao wa plastiki unaojitangaza. Umbali wa futi 6 utauona.

Sasa rangi, ambako ndiko kazi iliko.

Kosa la kwanza ni kulinganisha mlango mchafu. Jiko linalokaanga samaki na mahamri kwa miaka 10 lina ngozi ya mafuta juu ya kila kitu, na ngozi hiyo ni ya manjano. Mlango usipooshwa kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupelekwa kwa mchanganyaji rangi, utalipia rangi ya mafuta. Kisha kuna jua. Nyuma ya mlango, mahali bamba la bawaba lilipokuwa limefunika, kuna rangi ya siku ya kwanza, na ukiilinganisha na uso wa mbele utaona safari iliyosafiriwa. Unaolinganisha nao ni uso wa mbele, baada ya kuuosha. Wapo mafundi wanaochukua sampuli ya nyuma kwa sababu ni safi, wakatengeneza mlango uliolingana kikamilifu na jiko la mwaka 2009.

Kosa la pili ni kuamini taa ya duka. Rangi mbili zilizochanganywa kwa unga tofauti zinaweza kufanana chini ya taa ya LED na kukataana mbele ya dirisha, kwa sababu kila unga hurudisha mwanga kwa namna yake. Toka nje na sampuli mbili, zitazame kivulini, kisha zipeleke nyumbani uzitazame saa ya kupika jioni, maana hiyo ndiyo saa utakayoishi nazo. Halafu mng'ao. Jicho husamehe tofauti kidogo ya rangi kuliko tofauti ya mng'ao. Mlango usiong'aa kati ya milango inayong'aa utaonekana kama doa hata kama rangi yake ni ile ile.

Kwa milango ya rangi moja, isiyo na mchoro wa mti, mtu wa kumtafuta si seremala bali mpiga spreyi. Kazi ya kulinganisha rangi kwa jicho, Nairobi, imekaa miaka mingi mikononi mwa wanaopaka magari, na wauza rangi za magari huchanganya kwa kufuata sampuli kila siku. Kipande cha MDF kilichopigwa msasa, kikapakwa rangi ya msingi mara mbili, kikapigwa rangi ya sehemu mbili na kufunikwa vanishi ya kufaa, hutoka vizuri kuliko bodi nyingi za dukani, na kinastahimili kufutwa. Gharama yake ni zaidi ya wanayotegemea watu, kwa sababu kazi kubwa iko kwenye msasa. Fundi akikupa bei ya chini sana, ujue msasa ndio uliopunguzwa.

Kwa milango ya vinili yenye mchongo, kama ile ya tao la juu iliyopendwa sana, kuna karakana zenye mashine za kompyuta zinazochonga MDF na kuivika vinili kwa joto na mvuto wa hewa. Ukiwapelekea mlango wako watauiga mchongo. Vinili yenyewe ndiyo itakuwa ya mwaka huu. Kwa hiyo utakuwa na umbo la kufanana kabisa na ngozi ya kukaribiana, jambo ambalo kwa maoni yangu ni afadhali kuliko kinyume chake, maana mchongo usiofanana huonekana hata usiku.

Mchoro wa mti uliochapishwa ndio mgumu kuliko yote. Hauwezi kupigwa spreyi. Ama bodi ile ipo ama haipo, na hata ikiwapo, mwelekeo wa nyuzi lazima uwe wima kama jirani zake. Bodi ya futi 8 kwa 4 ni milimita 2440 kwa 1220. Kwa milango ya milimita 397 kwa 717 iliyosimama wima inatoa 9, na kinachobaki hakifai kitu. Anayehitaji mlango mmoja basi ananunua milango 9, isipokuwa apate muuzaji wa vipande. Hapa ndipo majirani wa ploti moja wanapopaswa kuongea. Milango ya chini ya sinki ya jengo zima ilifungwa wiki moja, nayo inachoka karibu wakati mmoja, na bodi moja ikikatwa kwa ajili ya nyumba 9 gharama inageuka kabisa. Nashangaa kwamba vikundi vya WhatsApp vya mtaa, ambavyo hupashana habari za maji kupotea na paka kuzaa, havijagundua biashara hii.

Majirani wana faida nyingine kubwa zaidi. Mitaa iliyojengwa kwa awamu, kama Buruburu na Komarock, ina nyumba nyingi zilizotoka kwenye ramani moja, na wamiliki wake hawaachi kuzibomoa ndani. Mmoja anaongeza ghorofa, mwingine anageuza sebule kuwa duka, wa tatu amerudi kutoka ng'ambo na anataka kaunta ya graniti. Milango ya zamani inatupwa nyuma ya nyumba au inapewa mlinzi awashie moto. Pacha halisi wa mlango wako kwa rangi, aliyechomwa na jua la mtaa ule ule kwa miaka ile ile, yumo kwenye rundo hilo. Hakuna mchanganyaji rangi atakayemshinda. Kwa hiyo kabla ya kwenda Gikomba, tembea mtaani uulize ni nani anayekarabati. Fundi wake ndiye wa kuzungumza naye, maana mwenye nyumba hata hajui kwamba milango ile ni mali.

Kwenye mbao halisi kuna mtego mwingine. Mahogani huiva kwa mwanga, na mlango mpya huwa mwekundu wa kufifia kando ya wenzake weusi. Seremala mwenye haraka huupaka rangi ya mti mpaka ulingane siku hiyo hiyo. Baada ya miaka 2 mlango umeiva chini ya ile rangi, ukawa mweusi kuliko wote, na sasa hauwezi kurudi nyuma. Ukitiwa rangi nusu ya safari tu, utavumilia kuutazama miezi kadhaa, kisha utawafikia wenzake wenyewe.

Makaratasi ya kubandika, yale ya mchoro wa marumaru yanayouzwa kwa mita, nayapitia haraka. Yanafaa kwa mpangaji wa muda mfupi na kwa milango ya juu iliyo mbali na jiko la gesi. Mvuke wa githeri huyaanza pembeni.

Hapo ndipo tunapofikia jambo ambalo wauza bodi hawalizungumzi. Katika sensa ya mwaka 2019, takribani kaya 9 kati ya 10 za Nairobi zilikuwa za kupanga. Kwa wengi wa Eastlands, basi, mlango uliovunjika si wao, ila hasara inaweza kuwa yao, kwa sababu landilodi anashikilia depositi. Mpangaji anayehama hutafuta pacha wa mlango kwa sababu moja tu, naye anatafuta wiki ya mwisho, wakati mbaya kuliko wote. Landilodi akikagua akaona mlango wa rangi nyingine, atakata bei ya jiko. Akiona mlango wa zamani umelegea, atakata bei ya fundi. Kwa mpangaji ni afadhali kurekebisha bawaba, kuusafisha mlango ule ule na kuuacha, hata kama umevimba kidogo chini, kuliko kuleta mpya unaojitangaza. Tena uvimbe wa chini ya sinki iliyokuwa ikivuja kabla hujahamia si kosa lako. Picha ya siku ya kwanza, yenye tarehe, inazungumza vizuri kuliko mlango mpya.

Mwenye nyumba yake ana uhuru mkubwa zaidi, nao ni uhuru wa kuhamisha. Milango ya upana mmoja hubadilishana nafasi kwa dakika chache, kwa sababu bawaba za kikombe hung'atuka bila kutoa skrubu zote. Mlango mpya, usiolingana sana, unaweza kwenda kwenye kabati la kona nyuma ya friji, na mlango mzuri wa kona ukaja mbele ya macho. Milango ya juu na ya chini mara nyingi haina urefu mmoja, kwa hiyo uhamisho huu una mipaka, lakini safu ya chini peke yake huwa na milango 4 au 5 ya kuchezea.

Ikiwa milango iliyoharibika ni miwili au mitatu, nami ningeulizwa, nisingetafuta pacha hata kidogo. Ningebadilisha safu yote ya chini kwa rangi nyingine iliyo wazi kwamba ni nyingine, kijivu iliyokolea kwa mfano, na kuiacha ya juu kama ilivyo. Tofauti inayokimbia mstari mzima wa kaunta inaonekana imekusudiwa. Tofauti ya mlango mmoja katikati inaonekana ni ajali hata ikiwa ndogo mara kumi. Milango mizuri iliyotoka chini inabaki akiba. Kwa bodi moja ya futi 8 kwa 4 safu nzima inapatikana, na hesabu ya upotevu inageuka kuwa faida. Majiko ya rangi mbili yamekuwa fasheni kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hata shangazi wa kutoka kijijini hatauliza.

Kuna kasha nalo. Likiwa limeoza chini, likilegea kiasi kwamba skrubu za bamba zinazunguka bila kushika, mlango mpya ni mapambo. Sukuma ubavu wa kabati kwa goti. Ukicheza, pesa za mlango zihifadhiwe.

Huko mbele vipimo vinaweza kuwa rahisi zaidi. Mpango wa serikali wa nyumba za gharama nafuu umetenga kazi ya milango na madirisha kwa mafundi wa jua kali, wakifuata vipimo vya aina moja, na nyumba zenyewe zinajengwa kwa wingi kutoka ramani moja. Funguo za nyumba 1,080 za Mukuru zilikabidhiwa Mei 2025, hatua chache tu kutoka maghala ya bodi ya Enterprise Road. Majengo ya ukubwa huo yana idadi ya kutosha kumshawishi fundi wa Kariobangi kuweka akiba ya milango ya jikoni, jambo ambalo ploti ya nyumba 40 haikuweza. Bodi zitaendelea kubadilika rangi kila kontena. Anayepokea funguo leo, popote Eastlands, ana nafasi ambayo haitarudi. Kabla mafundi hawajafungasha, vipande vya bodi vilivyobaki viko bado kwenye ngazi vikisubiri kutupwa, na karatasi ya kiwanda yenye namba ya rangi bado imebandikwa ubavuni mwa bodi ya mwisho. Namba hiyo ikiandikwa kwa kalamu ya rangi ndani ya kabati, juu, mahali maji hayafiki, atakayekuja na mlango kwapani miaka 10 baadaye atakuwa na cha kumwambia muuza bodi zaidi ya “kama hii.”